Shoka, Msumeno na Mti: Kazi ya Wakata Miti Katika Bonde la Chini la Tana

Msomaji, ukitoka Garsen ukafuata mto Tana kwenda upande wa bahari, utafika katika vijiji vya Wapokomo vilivyojipanga kandokando ya maji, na kimoja katika hivyo ni Hewani. Mgeni afikaye huko kwa mara ya kwanza hushangaa. Safari yake yote amekuwa akipita katika nchi kavu yenye vichaka vya miiba na vumbi jekundu, na ghafula anajikuta chini ya vivuli. Miembe imeinama juu ya nyumba, mikuyu imesimama ukingoni mwa mto, na nyuma ya mashamba vimebaki vipande vya msitu mnene ambamo mbega mwekundu wa Tana, mnyama asiyepatikana mahali pengine popote duniani, huruka kutoka tawi hata tawi.

Labda utasema, «Hapa miti ni mingi, yaani kazi ya kukata miti haiwezi kumshinda mtu.» Yafaa tusiharakishe kusema hivyo. Kazi ya kukata mti ni ya zamani sana katika bonde hili, nayo ina historia yake, sheria zake, vyombo vyake na misiba yake. Katika insha hii nataka tuitazame historia hiyo pamoja, kwa sababu naamini ya kuwa kijana anayetaka kuishi kwa shoka au kwa msumeno hana budi kujua waliomtangulia walifanya nini, wakafaulu wapi, na wapi walikosea.

Tuanze na mtumbwi. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinachoitwa Periplus, kinachoeleza safari za biashara katika bahari hii yetu, kinataja vyombo vilivyochongwa kwa gogo moja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ufundi huu ulikuwako miaka elfu mbili iliyopita, wala haukuletwa na mtu wa juzi. Kwa Wapokomo mtumbwi ulikuwa miguu, mkokoteni na daraja. Mavuno yalisafiri ndani yake, bibi harusi alivuka ndani yake, na mgonjwa alipelekwa kwa mganga ndani yake.

Fundi wa mtumbwi hakuangusha mti wowote aliouona. Alichagua mti mnene, ulionyoka, usio na uvungu, mkuyu mathalani. Akaukata kwa shoka siku nyingi, akauchimba kwa shoka na tezo mpaka ukawa chombo. Kisha ulikuja wakati wa kuutoa mwituni, na hapo kijiji kizima kiliitwa. Wazee wetu waliposema ya kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo, hawakuwa wakitunga fumbo tu; walikuwa wakieleza jambo waliloliona kwa macho yao, magogo madogo yakitangulizwa chini ya gogo kubwa, na watu wakisukuma kwa sauti moja.

Tazama basi, msomaji, jinsi uzito wa kazi ulivyokuwa mlinzi wa msitu. Mtu anayejua kwamba mti mmoja utamla siku nyingi na jasho la jirani zake wote, hakati mti wa pili kwa mzaha. Tena palikuwa na Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, ambalo lilikuwa na sauti juu ya ardhi na msitu. Ngoma takatifu ya Wapokomo, Ngadzi, iliyochongwa katika gogo la mti, ilikuwa kitu cha heshima kubwa katika utawala wa wazee hao. Ngoma hiyo ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imekuwa mali ya British Museum mjini London. Katika nchi ambayo mti uliweza kuwa sauti ya baraza, kukata mti hakukuwa jambo la mtu mmoja.

Sasa twende mtoni mpaka maji ya chumvi. Huko Kipini, na mbele yake katika visiwa vya Lamu, iko mikoko, nayo ilizaa biashara iliyokuwa kubwa kuliko ya mitumbwi. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na pepo za kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa miti kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu. Upana wa vyumba vingi vya zamani katika pwani hii, na katika bandari za Arabuni, ulipimwa kwa urefu wa boriti. Mwenye nyumba hakuweza kuwa na chumba kipana kuliko mti uliobeba dari yake.

Wakata mikoko walikuwa na elimu yao. Miti waliipanga kwa unene na kila daraja ina jina: fito, iliyo nyembamba kuliko zote; kisha pau; kisha mazio; kisha boriti; kisha nguzo; na mwisho banaa, iliyo nene kabisa. Waliihesabu kwa korja, yaani miti ishirini ishirini. Walijua kuwa mkoko na muia hufaa kwa kujengea, na msikundazi hufaa kwa mlingoti wa jahazi. Hata takataka zao zilikuwa na bei, kwa kuwa magome ya mikoko yana rangi inayotumika kulainisha ngozi, na mwanzoni mwa karne ya 20 magome hayo yaliuzwa ng'ambo kwa wingi. Lakini magome yakipanda bei kuliko mti wenyewe, mkataji huvua gome na kuacha gogo lioze katika tope. Takataka ikiwa ndiyo bidhaa, bidhaa hugeuka takataka. Hili ni kosa la kwanza ninalotaka ulikumbuke.

Kosa la pili lilimwagika damu. Si mbali na Hewani, upande wa mashariki, uko mji wa Witu, ambao katika karne ya 19 ulikuwa na sultani wake mwenyewe. Mwaka 1885 Witu iliwekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, na Julai 1890 Wajerumani waliikabidhi kwa Waingereza katika mapatano makubwa ya kugawana nchi, pasipo kumwuliza Sultani Fumo Bakari kama ameridhika. Mnamo Septemba ya mwaka huo huo alifika Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, pamoja na mafundi wenzake. Nia yao ilikuwa kukata miti katika misitu ya Witu na kusimamisha kiwanda cha kupasulia mbao.

Walikuwa na mashine, wala hawakuwa na ruhusa. Sultani hakuwakubalia kuanza kazi, na silaha zao zikachukuliwa. Küntzel alikuwa mtu wa hasira. Ugomvi ukazuka langoni mwa mji, akampiga mlinzi risasi, na watu wa Witu wakamwua yeye na wengi wa wenzake. Mwezi uliofuata jeshi la Kiingereza likaongozwa na Amirali Fremantle kulipiza kisasi. Mji wa Witu ukatekwa na kuchomwa moto mwishoni mwa Oktoba 1890, na Fumo Bakari akafa mapema mwaka 1891 akiwa mkimbizi katika mwitu ule ule ambao wageni walitaka kuupasua mbao.

Sitaki kusema kwamba msumeno peke yake ulileta vita hivyo. Siasa za Ulaya zilikuwa nyuma yake kama mto nyuma ya mtumbwi. Lakini angalia mahali cheche ilipoanguka. Ilianguka juu ya swali ambalo kila mkata miti huulizwa hata leo: Nani amekuruhusu?

Baada ya hapo serikali ya kikoloni ililijibu swali hilo kwa njia yake. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902. Mikoko ya pwani yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tarehe 30 Aprili 1932, na tangazo la namna hiyo likarudiwa tarehe 20 Mei 1964, baada ya uhuru. Mwaka 1982 ilipigwa marufuku kuuza miti ya mikoko nchi za nje, na biashara ya majahazi ya karne nyingi ikakatika. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango kwa wenyeji kushiriki katika ulinzi kwa kuunda vyama vyao, na Sheria ya 2016 ikachukua mahali pake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Mwanzo ilisemwa kwa miezi mitatu, kisha muda ukaongezwa mara kwa mara, na wakata mikoko wa Lamu, ambao wengi wao hawana shamba wala mshahara, wakabaki mikono mitupu.

Hapa, msomaji, usiwe mwepesi wa kushangilia wala wa kulaani. Sheria isiyomlinda mti humwachia mtoto jangwa, na sheria isiyomtazama mkataji humwachia mtoto njaa. Katika mto wetu wenyewe, juu ya Hewani, hifadhi ya mbega na nyani iliundwa mwaka 1976. Na mwaka 2007 Mahakama Kuu ilikubali malalamiko ya wenyeji kwamba haikuundwa kwa njia ya haki. Wanyama hao bado wanahitaji miti, na watu hao bado wanahitaji kusikilizwa. Swali la «Nani amekuruhusu?» lina pande mbili: mkataji amwulize mwenye msitu, na serikali imwulize mwenyeji.

Wakati sheria zilipokuwa zikiandikwa, chombo nacho kilikuwa kikibadilika. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa mnyororo ulioendeshwa kwa umeme, na mwaka 1927 Emil Lerp, Mjerumani mwenziwe, akatoa msumeno wa petroli. Ilikuwa mizito, na watu wawili walihitajika kuushika mmoja. Mwaka 1950 ukatokea wa Stihl uliobebwa na mtu mmoja, wenye uzito wa karibu kilo 16, na tangu hapo msumeno wa injini umezidi kuwa mwepesi na kuenea ulimwenguni kote. Mkuyu uliomla fundi siku nyingi sasa huanguka kabla uji haujapoa.

Je, chombo hicho ni kiovu? Hapana. Chombo hakina moyo. Lakini kimeondoa ule uzito wa kazi uliokuwa mlinzi wa msitu, na mahali pake hapana budi pawekwe kitu kingine, nacho ni maarifa ya mtu anayekishika. Hili nililijifunza kwa aibu, nami nitakueleza.

Katika shule moja niliyofundisha kabla sijaingia chuo cha ualimu, palikuwa na mwembe mkubwa sana. Wanafunzi walisoma chini yake wakati wa joto, na wazazi walifanyia mikutano hapo. Tawi moja lilikuwa limeelekea juu ya paa la darasa, nami nikapewa kazi ya kumtafuta mtu wa kulikata. Nilimwona mzee mmoja fundi wa mitumbwi, akaniambia, «Mwalimu, kazi hiyo ni ya asubuhi nzima, na kamba mbili, na watu wanne.» Kisha nikamwona kijana mwenye msumeno wa injini, akaniambia ya kuwa ni kazi ya dakika kumi. Nikachagua dakika kumi.

Kijana alipanda akakata kutoka juu, karibu kabisa na shina. Kabla msumeno haujafika nusu, tawi lilivunjika kwa uzito wake, likaanguka likivuta gome na nyama ya mti mpaka chini, kama mtu achunaye ngozi ya mbuzi. Paa lilipona, hakuna aliyeumia, tukashukuru. Siku ya tatu yule mzee alipita, akalitazama jeraha, hakusema neno. Miaka michache baadaye shina lilikuwa limeoza, na usiku mmoja wa mvua mwembe wote ulianguka. Laiti ungalianguka mchana! Kosa halikuwa la kijana, ambaye hakuna aliyemfundisha. Lilikuwa langu mimi niliyepima kazi kwa saa badala ya kuipima kwa ujuzi.

Tangu siku ile nikaanza kusoma habari za waganga wa miti. Katika Marekani alikuwako mtu aliyeitwa John Davey, mzaliwa wa Uingereza, ambaye mwaka 1901 alitoa kitabu chake The Tree Doctor, akafundisha ya kuwa mti ni kiumbe hai unaostahili tabibu. Kampuni aliyoianzisha ingali ikifanya kazi mpaka leo. Siku hizo waganga walisafisha mashimo ya miti na kuyajaza saruji, kama jino lizibwavyo, na majeraha waliyapaka rangi. Baadaye Mmarekani mwingine, Alex Shigo, aliyeishi kutoka 1930 hadi 2006, aliwapasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo kwa urefu, atazame ndani. Akaona kwamba mti hauponi kama mtu. Nyama yake iliyoumia hairudi kuwa mpya. Mti huzungushia jeraha ukuta, na kuota mbao mpya nje ya ukuta huo. Kwa hiyo ukiuvunja ukuta, umelifungulia oza mlango.

Kutokana na elimu hiyo kazi ya kukata tawi kubwa imekuwa na mikato mitatu, nayo nitaieleza kwa maneno machache. Wa kwanza hukatwa kutoka chini ya tawi, mbali kidogo na shina, kwa kina cha theluthi moja tu. Wa pili hukatwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ili tawi likivunjika lisivute gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, nao hukatwa nje tu ya ule uvimbe unaozunguka mahali tawi linapotokea shinani. Uvimbe huo usiguswe, kwa maana ndiko mti unakojengea ukuta wake. Mikato hii mitatu, na kamba ya kushushia tawi polepole, ndiyo ile asubuhi nzima ya mzee wangu. Yeye hakuwa amesoma kitabu cha Shigo. Alikuwa amesoma miti.

Baki jambo la masalio. Mwenye kazi ya miti hupimwa kwa kile anachokiacha nyuma yake. Katika kijiji kama Hewani, tawi la mwembe halina kitupwacho: majani huliwa na mbuzi, vijiti huenda mekoni, na gogo likiwa zima hupasuliwa mbao. Lakini msumeno wa injini umeleta taka nyingine isiyooza, yaani oili na petroli, na kuimwaga mtoni ni kumnywesha jirani wa chini. Sheria ya Kenya ya 2022 juu ya taka inataka taka iozayo na isiyooza zitengwe, na kusafirisha mbao au makaa barabarani kunahitaji kibali. Kijana anayeziona amri hizi kuwa usumbufu tu na akumbuke gome la mikoko na mashine za Witu.

Wala usidhani kwamba mkataji ndiye adui pekee wa msitu wa Tana. Msitu huu huishi kwa mafuriko na kwa maji yanayozama ardhini karibu na mto. Huko juu yalijengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988; nayo yamebadili kimo na majira ya mafuriko. Huku chini palijengwa matuta ya mradi mkubwa wa mpunga, ili maji yasiingie ovyo mashambani, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikayabomoa. Mti uliozeeka husimama miaka mingi baada ya maji kuuacha, bali miche haioti chini yake. Kwa hiyo kila mkuyu unaoukata leo huenda usiwe na mrithi. Zamani msitu ulimsamehe mkataji. Sasa umepungukiwa na uwezo wa kusamehe.

Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Methali hiyo hutumiwa juu ya wakuu wa watu, lakini nimeiona kwa mti wenyewe. Mwaka ulioanguka mwembe wetu, darasa la pili lilisomea juani, na wanafunzi walifuata kivuli cha ukuta kama saa ya jua, wakihamisha vitabu vyao kila nusu saa.

Kwa hiyo, msomaji kijana, ukitaka kuishi kwa kazi ya miti, sikukatazi. Ni kazi ya heshima, na itakuwa na wateja maadamu watu wana paa na miti ina matawi. Uliza kwanza ruhusa. Jifunze chombo chako kabla hujakiwasha. Ujue mahali pa mkato. Usiondoke mpaka umesafisha ulipokata. Na mtu akikuuliza kwa nini kazi yako inachukua asubuhi nzima, mwambie bila haya ya kuwa ndivyo ilivyo.

Nami nimepanda mwembe mwingine mahali pale. Sasa umefika kimo cha dirisha.